Mlango Uliochelewa

Inspekta Palupi alifika gereji ya Koh Hwat saa tatu asubuhi, akakuta miguu miwili imetokeza chini ya dashibodi ya gari jeusi na mkono mmoja unapapasa sakafu ukitafuta bisibisi. Aliikanyaga ile bisibisi kwa kiatu.

"Toka humo, Koh. Usiguse kitu."

"Salamu kwanza, Bu Palupi," sauti ilitoka ndani, kwa lile "Bu" la kumheshimu mwanamke. "Au siku hizi polisi wanafundishwa kukanyaga tu?"

"Habari za asubuhi. Toka humo."

Fundi akajiburuta nje. Alikuwa mzee mfupi, miwani moja puani na nyingine kichwani, na mji mzima wa Klaten, katikati ya Java, ulijua kwamba gari lenye matatizo ya umeme likimshinda Koh Hwat, kilichobaki ni kuliuza vyuma chakavu. Kando ya mlango, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mwenye gari, Pak Sudarmaji, muuza samani za msaji, shati lake la batiki limepigwa pasi hadi linang'aa.

"Mimi ndiye niliyelileta," alisema Pak Sudarmaji. "Vioo vinashuka vyenyewe, taa ya ndani haizimi. Kompyuta ya bodi imekufa, na Koh ameshapata mpya kutoka Semarang. Kesi yenu haihusu gari, Bu. Mwizi mnaye."

"Mshukiwa ninaye, Pak. Mwizi bado."

Aliyekuwa naye ni Ngatimin, dereva wa Pak Sudarmaji kwa miaka kumi na tisa. Jana saa moja asubuhi alimfikisha tajiri wake kwenye mashindano ya ndege wa kuimba. Nyuma ya gari, ndani ya tundu lililofunikwa kitambaa, alikuwamo Gludug, murai mweusi mwenye mkia mrefu, bingwa wa wilaya mara tatu. Pak Sudarmaji alishuka kwenda kuchukua namba ya kutundikia tundu. Ngatimin akaegesha kivulini, akashusha vioo upana wa kidole, akafunga milango kwa rimoti, akaenda kunywa chai. Aliporudi baada ya robo saa, milango ilikuwa imerudishiwa tu bila loki, na tundu halipo. Hapakuwa na mkwaruzo wala kioo kilichovunjwa. Funguo za gari zilikuwa mbili duniani: mmoja mfukoni mwa Ngatimin, mwingine ndani ya sefu ya Pak Sudarmaji.

Kwa mtu mwenye haraka, kesi ilikuwa imekwisha. Dereva ana ufunguo, dereva ana harusi ya binti yake, na harusi inavyokula pesa kila mtu anajua. Ila Palupi hakuwa mtu wa haraka, na hesabu ikikaa sawa kirahisi namna ile alikuwa na tabia ya kuirudia.

Ngatimin alikamatwa jana saa kumi alasiri. Sheria ilimpa Palupi saa ishirini na nne. Leo ikifika saa kumi, ama aandike kwamba mzee awekwe rumande, ama amfungulie. Na kesho asubuhi binti yake Ambarwati anaolewa, na walii wake, wa kumshika bwana harusi mkono ndoa ikifungwa, ni baba yake. Akikosekana, ndoa itafungwa na walii wa kuteuliwa, na majirani watakuwa na la kusimulia mpaka bibi harusi apate wajukuu. Ngatimin hakulizungumzia hilo hata mara moja. Aliulizia tu kama ndege amepatikana.

Kulikuwa na jibu lake moja ambalo Palupi alilipigia mstari kwenye daftari. Alimuuliza, "Gari lilikuwa na kasoro yoyote?" Mzee aliangalia mikono yake, akasema, "Hilo aulizwe mwenyewe bwana."

Sasa bwana alikuwa mbele yake.

"Hizo kasoro zilianza lini, Pak?"

"Karibuni."

"Karibuni ni lini?"

"Karibuni ni karibuni, Bu. Mimi si fundi."

Palupi akaliacha, akamgeukia Koh Hwat. "Hicho kisanduku cha kompyuta ya bodi kinaamuru nini?"

"Kila kitu kisichokuwa injini. Loki za milango, vioo, indiketa, waipa, taa. Kikichanganyikiwa, gari linakuwa kama mtu mwenye homa, linaongea peke yake."

"Kinaweza kufungua milango bila ufunguo?"

"Kikiumwa vizuri, ndiyo."

"Basi leo kabla hujakitoa, nataka unionyeshe kikifanya hivyo. Ukikibadilisha kwanza, ushahidi wangu umeenda kwenye pipa lako."

Pak Sudarmaji alianza kusema jambo kuhusu muda, lakini Koh Hwat alikuwa ameshachomeka mashine ya kupimia. Hakuna kitu kilichomfurahisha mzee huyo kama kuambiwa athibitishe.

Mashine ilileta orodha ndefu. Koh Hwat aliisoma kwa miwani ya kichwani, akaisoma tena kwa miwani ya puani. "Loki, vioo, taa ya ndani, vyote vinalalamika. Ila malalamiko si hukumu. Mashine inakwambia nani analia, haikwambii nani kampiga."

Akaanza kuondoa washukiwa mmoja mmoja. Betri ilikuwa nzima. Waya wa kwenda bodi ulikuwa safi. Fyuzi zote zilipita kwenye mita. Akatoa betri ndogo ndani ya rimoti, akaiweka juu ya meza. "Likifunguka sasa, asije mtu akaniambia kuna kitufe kilibanwa mfukoni."

Wakafunga milango kwa swichi ya ndani, wakasimama pembeni na kungoja. Dakika tano zikapita, zikawa kumi, zikawa ishirini. Gari lilitulia kimya bila hata dalili ya homa.

"Ninyi mmeona," Pak Sudarmaji alisema. "Loki ni nzima. Ngatimin ndiye aliyefungua."

Palupi alizunguka gari mara moja, akaupapasa mlango wa mbele. Ulikuwa na joto la jua la asubuhi.

"Jana mlitoka nyumbani saa ngapi, Pak?"

"Saa kumi na mbili na robo."

"Eyasii ilikuwa imewashwa?"

"Mpaka mwisho, njia nzima. Gludug hapendi joto. Na mimi pia."

"Dakika arobaini na tano za baridi kali, halafu gari likazimwa na vioo vikashushwa kidogo, hewa ya nje ikaingia. Koh, chupa ya maji ya baridi ukiitoa kwenye friji inakuwaje?"

Koh Hwat alimtazama, kisha akacheka polepole. "Inatoka jasho, na umeme hautaki jasho. Bu Palupi, ukichoka na upolisi njoo hapa, nina overoli ya saizi yako."

Wakawasha gari, wakaweka eyasii kwenye baridi ya mwisho, vioo juu. Palupi aliandika saa. Wanaume wakaenda zao, Pak Sudarmaji msikitini kwa sala ya Ijumaa, Koh Hwat kwenye soto, supu yake ya kuku, na yeye akabaki akilinda gari lililokuwa linanguruma, faili la kesi magotini. Ndani yake mlikuwa na picha za ndege, namba ya pete ya mguuni, na karatasi za majaji alizoziomba jana ili amtambue Gludug akionekana. Alizisoma zote tena. Ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu zilizopita, na hiyo ndiyo iliyomuuma Pak Sudarmaji kuliko zote, maana Gludug alishushwa hadi nafasi ya tano. Ndege hawa huiga kila wanachosikia, ndiyo thamani yao na ndiyo balaa lao. Majaji waliandika: *Ameongeza mlio mbaya. Anagonga mara tatu, kisha mara moja.* Pak Sudarmaji alimlaumu Ngatimin kwa kumtundika ndege karibu na mijusi wa ukutani, wanaolia kwa kugonga.

Waliporudi, Koh Hwat alizima gari, akashusha vioo upana wa kidole, akafunga milango. Palupi akashika saa.

Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Pak Sudarmaji akafungua mdomo.

Tak, tak, tak. Halafu, baada ya pumzi moja, tak.

Palupi alivuta mlango wa nyuma. Ulifunguka. Indiketa hazikuwaka wala honi haikulia, na mtu aliyesimama hatua kumi asingejua kitu. Kwa mtu aliyepita akajaribu kitasa, lilikuwa gari la kujichukulia.

"Milango minne," Koh Hwat alisema, akihesabu kwa vidole. "Mitatu inafuatana. Wa nyuma kushoto komeo lake limechoka, unachelewa."

Palupi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama Pak Sudarmaji, ambaye rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Mlio huo umewahi kuusikia, Pak?"

"Ni wa Gludug," alisema kwa sauti ndogo. "Huo mlio mbaya. Ndio huo huo."

"Tundu lake hutundikwa wapi nyumbani?"

"Barazani. Juu ya pale gari linapoegeshwa."

Alikaa chini kwenye kiti chake cha plastiki. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara, na haikupita dakika akapata pa kushikia. "Sawa, kisanduku ni kibovu. Nani alikiharibu? Mtu anayeshinda ndani ya gari siku nzima anaweza kukimwagia maji makusudi, kisha akasema milango imefunguka yenyewe. Ngatimin si mjinga."

"Hoja nzuri," Palupi alisema, na alimaanisha. "Koh, sasa kitoe."

Koh Hwat alihifadhi kwanza mipangilio ya gari kwenye mashine yake, akachomoa waya wa betri, akangoja dakika kumi umeme uishe kwenye nyaya. Kisha akafungua pembeni, pale abiria wa mbele anapoweka mguu wa kushoto. Palupi alipiga picha kila skrubu iliyotoka. Kisanduku kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha mfukoni. Plagi yake moja ilipochomoka, ilikuwa na kutu ya kijani, na ndani ya ile kutu kimenata kitu cha kahawia, chembamba, kimejikunja.

Palupi alikitoa kwa koleo ndogo, akakiweka kwenye karatasi nyeupe, akakinusa. Kilikuwa kimekauka kabisa, lakini harufu ya kenanga haifi upesi.

"Petali ya ua," alisema. "Koh, maji yanaingiaje hapa?"

Koh Hwat alikuwa ameshanyanyua boneti na kung'oa plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele. Kwenye mfereji unaopitisha maji ya mvua mlikuwa mmejaa petali zilizogandamana, za waridi, za kenanga, za asumini, tabaka juu ya tabaka, zimeziba tundu la kutolea maji. "Maji yamekosa pa kutokea, yakapitia njia ya hewa, yakamdondokea mgonjwa wetu. Na si ya jana wala juzi. Kutu kama hii inataka mwezi na zaidi."

Palupi hakuhitaji kuuliza maua yale yalitoka wapi. Suro, mwezi wa kuosha visu vya ukoo na kila kitu cha urithi, ulikuwa umekwisha wiki sita zilizopita. Katika mji ule kila nyumba yenye kisu cha babu ilikuwa imenunua maua ya kutia kwenye maji ya kuoshea.

"Gari hili alilinunua nani, Pak?"

"Bapak, marehemu baba. Mwaka wa mwisho wa uhai wake."

"Na Suro hii aliliosha nani?"

Nje, mtu alipita akitangaza tofu ya moto.

"Mimi," Pak Sudarmaji alisema hatimaye. "Maua saba, maji ya visima saba. Niliyamwaga kuanzia juu ya kioo, ndoo kwa ndoo. Ngatimin aliniambia nisimwage pale. Nikamwambia ashike usukani, mila aniachie mimi."

"Na mlio ulianza lini?"

"Wiki ya pili. Kila jioni tukirudi. Tak, tak, tak, halafu tak. Saa ile ile ambayo Bapak alikuwa akirudi kutoka dukani." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilidhani ni yeye, Bu. Nilidhani ameyapokea maji. Nilikuwa nakaa barazani nausubiri. Ngatimin aliomba mara tatu alilete gari hapa. Mara ya tatu nikamwambia akilipeleka kwa fundi, asirudi kwangu."

Koh Hwat alijishughulisha na kufuta bisibisi.

Palupi alihisi hasira, na chini ya hasira akahisi huruma, na hakupenda kuwa nazo zote mbili akiwa kazini. Kwa hiyo akafungua faili. "Karatasi ya majaji ni ya wiki tatu zilizopita. Wakati huo ndege alikuwa ameshaujua mlio. Hakujifunza kwa siku moja. Gari lilikuwa likifunguka lenyewe tangu Suro, mbele ya macho yako, na aliyetaka kulitengeneza ulimzuia. Mtu anayepanga kuiba kupitia mlango mbovu haombi mara tatu mlango utengenezwe."

"Kwa nini hakusema? Jana, mlipomuuliza?"

"Alisema uulizwe wewe."

Hilo lilimwingia. Palupi aliliona likimwingia.

"Sasa weka kipya, Koh. Nataka kumaliza."

Kisanduku kipya hakijui gari lolote. Koh Hwat alizibua mfereji, akasafisha nyaya, akakifunga, akarudisha betri, akakifundisha namba ya gari, idadi ya milango, kisha funguo. Ule wa Ngatimin ulitoka kwenye bahasha ya ushahidi. Wa pili Pak Sudarmaji aliutoa mfukoni bila kumwangalia mtu. Wakarudia kila kitu: eyasii ya mwisho kwa dakika arobaini na tano, vioo upana wa kidole, milango ikafungwa. Saa nane na nusu ikageuka saa tisa kasoro. Milango ilibaki imefungwa. Palupi alivuta vitasa vyote vinne kwa mkono wake.

"Gari lile lile, funguo zile zile, baridi ile ile," alisema akiandika. "Kilichobadilika ni kisanduku. Koh, weka sahihi hapa. Pak, wewe hapa, kwamba umeondoa tuhuma dhidi ya Ngatimin. Kwa mwandiko wako."

"Lakini ndege wangu nani amemchukua?"

"Mtu aliyejaribu kitasa. Huyo namtafuta, na wewe umenisaidia. Polisi wangu kwenye soko la ndege la Solo walikuwa wanatafuta murai mweusi mwenye mkia mrefu, na soko zima limejaa murai weusi wenye mikia mirefu. Sasa nimewapigia simu kuwaambia wasitumie macho, watumie masikio."

Saa kumi kasoro dakika ishirini Ngatimin alitolewa mahabusu. Alikuwa mwembamba, shati limechomekwa vizuri kama vile alikuwa ameitwa kazini. Alimwona tajiri wake amesimama kwenye korido, akainamisha kichwa kwa desturi.

"Ndege amepatikana?" Ngatimin aliuliza.

Kabla mtu hajamjibu, simu ya Palupi ikaita. Alikuwa Yusron, kutoka Solo. "Nimempata mmoja, Bu. Pete imekatwa. Mwenye kibanda anaapa amemlea tangu yai. Sikiliza."

Palupi akaweka sauti nje, akaiweka simu juu ya meza. Kwanza zilisikika kelele za soko, kisha wimbo mrefu unaopanda na kushuka, kisha, katikati ya wimbo, tak, tak, tak. Na baada ya pumzi moja, tak.

Ngatimin alikuwa amefumba macho.

"Ni Gludug."

"Mwenye kibanda atasema ni mjusi," Palupi alimwambia.

"Mjusi hachelewi, Bu. Huo wa mwisho ni mlango wetu wa nyuma kushoto. Komeo lilichoka mwaka juzi. Mimi huufunga kwa goti."

"Yusron," Palupi alisema kwenye simu, "mzuie huyo bwana na yai lake."

Alisukuma karatasi ya kuachiliwa, Ngatimin akaweka sahihi polepole, herufi kwa herufi. Kwa saa ya ukutani zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili kufika saa kumi. Walitoka nje wote. Gari jeusi lilikuwa uani, na Ngatimin, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, alielekea mlango wa dereva. Pak Sudarmaji alikuwa amekwishafika pale, ufunguo mkononi.

"Kaa nyuma," alisema. "Kesho una kazi ya kumshika mkwe mkono. Nakupeleka mimi."

"Hujui njia ya kwetu, Pak."

"Utanielekeza."

Ngatimin alisita, kisha akaingia nyuma, upande wa kushoto, akauvuta mlango. Haukushika. Akauvuta tena. Pak Sudarmaji akashuka, akazunguka gari, akauegemea mlango na kuusukuma kwa goti mpaka ukafunga.